Barua ya malalamiko: seti ya kunyanyulia HiAce iliyoninyima breki za nyuma

Mto wa Mbu,
Wilaya ya Monduli,
Arusha.
14 Aprili 2025

Meneja wa Mauzo,
Duka la Vifaa vya Magari,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: SETI YA KUNYANYULIA GARI INCHI 2 ILIYOUZWA BILA VIFAA VYA BREKI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmiliki na dereva wa Toyota HiAce ya abiria. Tarehe 11 Januari mwaka huu nilinunua dukani kwenu seti ya kunyanyulia gari kwa shilingi 1,350,000, nikaongeza 150,000 ya ufundi, na gari likafungwa palepale uwanjani kwenu, na fundi wenu. Nakala ya risiti ya EFD nimeiambatisha. Nasisitiza habari ya fundi kwa sababu nilipopiga simu mara ya kwanza nilijibiwa, “Hiyo ni shida ya aliyefunga, siyo ya seti.” Aliyefunga ni nyinyi.

Njia yangu ni Mto wa Mbu hadi Engaruka, na siku za mnada napanda Karatu. Anayeijua njia ya Engaruka anayajua makorongo yanayoteremka kutoka ukingo wa Bonde la Ufa. Mvua ikinyesha huko juu, maji yanashuka na mawe, maji yanapita, mawe yanabaki barabarani. Gari likiwa na watu 14 lilikuwa linakwaruza tumbo, na mwaka jana nilipasua sampo (bakuli la oili chini ya injini) nikalala porini na abiria. Sikununua urembo. Na kwa upande wa kimo seti yenu ilifanya kazi, tumbo halikugusa tena. Hilo nalisema kwa haki.

Tatizo lilianza mbele. Kwenye tangazo lenu mmeandika “seti kamili”, lakini mbele hakikufungwa kitu kipya hata kimoja. Fundi alikaza boliti za tosheni baa, zile fimbo za chuma zinazofanya kazi ya springi mbele, mpaka pua ikapanda, basi. Shokapu zilibaki zilezile za kimo cha zamani, zikawa zimevutika karibu na mwisho wake hata gari likiwa limesimama. Kila tairi likidumbukia shimoni, mkono wa juu wa sispensheni uligonga kizuizi chake, to!, kama mtu aliye chini ya gari anapiga bodi kwa nyundo. Usukani nao ukawa haurudi wenyewe baada ya kona. Nilikwenda kupima alaimenti, yaani unyoofu wa matairi. Kijana wa mashine alizungusha boliti za kurekebishia mpaka zikafika mwisho, vipimo bado vimekataa. Kufika mwisho wa Februari, matairi mawili ya mbele niliyoyanunua mapya Desemba yalikuwa yameliwa ukingo mmoja hadi nyuzi zinaonekana.

Hayo ni ya pesa, na pesa hutafutwa. Breki ndizo zilizonifanya niandike.

Mwezi wa tatu, siku ya mnada, nilikuwa nateremka mlima kutoka Rhotia kuja Mto wa Mbu, gari limejaa, na magunia mawili ya vitunguu nyuma. Kwenye zile kona ambako nyani hukaa barabarani, lori mbele yangu lilisimama ghafla. Nilikanyaga breki. Pua ikainama, matairi ya mbele yakalia, na nyuma gari likaendelea kusukuma kana kwamba huko hakuna breki kabisa. Lilisimama nikiwa naweza kusoma maandishi madogo kwenye kibati cha lori. Kiti cha mbele alikuwepo mama mmoja na mtoto wa miezi michache mgongoni. Alishuka bila kusema neno, akakaa kwenye jiwe, akamgeuza mtoto kifuani na kumshika kichwa kwa mikono yote miwili. Nauli yake nilimrudishia. Mpaka leo nikifika kona ile naliona lile jiwe.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi wangu Karatu. Alitandika turubai, akaingia chini, akaniita na mimi niingie. Juu ya ekseli ya nyuma kuna valvu ya breki iliyofungwa kwenye chesisi, na kijiti chake kinashuka mpaka kwenye ekseli. Gari likibeba mzigo, bodi inashuka karibu na ekseli, kijiti kinasukumwa, valvu inafungua mafuta mengi zaidi kwenda breki za nyuma. Gari likiwa tupu inapunguza, ili matairi ya nyuma yasikwame na kuserereka. Nyinyi mliweka vitalu vya chuma vya inchi 2 kati ya springi na ekseli, kijiti mkakiacha kama kilivyokuwa. Fundi alikigusa kwa spana akaniambia, “Hiki kinaambiwa gari tupu kila siku. Hata ukipakia watu ishirini.” Ndiyo maana pedi za mbele zilikuwa zinaisha kila wiki tano. Breki za mbele zilikuwa zinafanya kazi ya gari zima.

Kilichokosekana ni kipande cha chuma cha kurekebisha kimo cha kijiti kile. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa nusu saa. Mliuza kimo bila hicho kipande, kwa gari mliloliona kwa macho yenu kuwa ni la abiria.

Wala siko peke yangu. Palepale gereji nilikutana na dereva anayebeba mboga kwenda Arusha, amefunga seti hiihii kwenu. Yeye yuboliti zake za nyuma, boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zililegea mpaka ekseli ikaanza kusogea, kwa kuwa hakuambiwa kwamba lazima zikazwe upya baada ya kilomita mia chache. Hata mimi sikuambiwa. Kwenye boksi hapakuwa na karatasi ya maelekezo.

Ninachodai ni hiki. Kwanza, na hili ndilo kubwa kwangu kuliko fedha, wapigieni simu wote mliowauzia seti hii, muwaambie wakague valvu ya breki na yuboliti kabla ya safari inayofuata. Namba zao mnazo, sisi sote mlituandika kwenye daftari la kaunta. Pili, acheni kuiuza kwa jina la “kamili” mpaka iwe na shokapu ndefu, mikono ya juu na hicho kipande cha valvu. Tatu, nirudishieni shilingi 2,390,000: yaani 1,500,000 niliyolipa kwenu, 560,000 ya matairi mawili, 170,000 ya pedi nilizobadilisha mara mbili, 40,000 ya alaimenti na 120,000 ya kufungua vifaa vyenu na kurudisha gari kwenye kimo chake.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitawasilisha malalamiko haya kwa Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na picha na maelezo ya fundi.

Vitalu vyenu na yuboliti zake viko kwenye kiroba gereji Karatu. Sijavitupa wala kuviuza, ili asije mwingine akavifunga. Mkitaka kuvikagua, mtumeni fundi yuleyule aliyenifungia.

Wenu mteja,

Mmiliki na dereva wa HiAce,
Mto wa Mbu