Kwa shoga yangu, kuhusu Kiingereza cha binti yetu

Langoni, Lamu

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua yako kutoka Malindi imenifikia salama. Unauliza kuna haja gani binti yetu kuchagua Fasihi ya Kiingereza, ilhali Kiingereza chenyewe ni lazima kwa kila anayeingia Gredi ya 10, mwanzo wa sekondari ya juu.

Ni kweli kwamba hakuna mkondo unaomwepusha mwanafunzi na Kiingereza, uwe wa sayansi na teknolojia, wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo. Fasihi ndiyo ya hiari, nayo imewekwa katika sayansi za jamii. Sisi tuliopitia 8-4-4, ule mfumo wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, hatukupewa hiari hiyo, kwani mfumo huo ulipoanza mwaka 1985 lugha na fasihi zilifungwa pamoja, na hadi leo karatasi 3 za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, zenye alama 200 kwa jumla, zinamtaka mtahiniwa huyo huyo aandike barua rasmi, ajaze mapengo, achambue shairi na kuijadili riwaya.

Linaloniuma, baada ya miaka yote niliyofundisha somo hili, ni zile alama 30 za stadi za kuzungumza katika karatasi ya kwanza. Zinajibiwa kwa kalamu. Mtoto huulizwa ni herufi gani isiyotamkwa katika neno fulani, au angejiandaaje kwa mahojiano, naye huandika jibu sahihi bila kufungua kinywa. Nilikuwa na mwanafunzi hodari wa kuandika, ambaye alipoitwa kuhojiwa kwa kazi ya hoteli alishikwa na kigugumizi hata jina lake likamtoka kwa shida, na mimi mwalimu wake nilihisi kwamba deni hilo lilikuwa langu.

Watoto wetu wana ugumu wao, shoga yangu. Kiswahili kina irabu 5 tu, kwa hiyo maneno mawili ya Kiingereza yanayotofautiana kwa urefu wa irabu huyasikia kama neno moja. Mkazo nao kwetu hukaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali kwa Kiingereza huhamahama na kugeuza nomino kuwa kitenzi. Mimi huanza na neno letu barabara: ukikaza "ba" ya pili ni njia ya kupita, ukikaza "ra" ya kwanza ni sawasawa. Wakishalisikia hilo katika lugha yao, la Kiingereza huwaingia upesi.

Kwa hiyo, kama moyo wake uko kwenye uuguzi, afuate sayansi na aiache Fasihi bila majuto. Asiichague kwa kudhani ni nyepesi. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia kwamba husoma hadi usiku wa manane, na wakati wa Maulidi nilimwona hapa akisoma kasida mbele ya kina mama bila kutetemeka. Mtoto wa namna hiyo ningemwandikisha Fasihi leo. Ukienda shuleni, muulize mwalimu kama wana mijadala na maigizo, na kama kila mwanafunzi husimama kuzungumza au ni wale wale wawili watatu.

Likizo ya Aprili mlete kwangu na kitabu chochote akipendacho. Tutakaa dakani jioni, anisomee kwa sauti.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Lamu