P2 siyo feki, dada: kwa nini siku zako zimeruka

Haipiti wiki bila mteja kurudi kwenye duka letu la dawa na pakiti tupu ya P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, uso umekunjamana. "Mmeniuzia feki. Nimeona damu leo na siku zangu bado." Mwingine analalamika zimechelewa. Wa juzi alidai arudishiwe hela mbele ya foleni nzima. Hatukumrudishia, na sababu ni hii.

P2 ni homoni, levonorgestreli miligramu 1.5, na kazi yake kubwa ni kuchelewesha yai kutoka. Yai likisogezwa, hedhi nayo husogea. Inaweza kuwahi au kuchelewa siku kadhaa, hata wiki, na matone yakajitokeza katikati. Hiyo ni dawa ikifanya kazi. Ikizidi wiki moja baada ya siku uliyoitegemea, pima mimba, maana hakuna P2 inayozuia kwa asilimia mia, hasa ukiimeza saa 72 baada ya tendo zinakaribia kuisha.

Nikamuuliza dada yule wa juzi mara ya mwisho kumeza ilikuwa lini. Jumamosi. Na kabla yake? Jumamosi ile nyingine. Kumbe ndiyo uzazi wake wa mpango! Halafu tunaambiwa sisi ndio ghali. Pakiti nne kwa mwezi ni hela nyingi, mzunguko unavurugika, na kinga yenyewe ni dhaifu kuliko vidonge vya majira ambavyo kwenye zahanati ya serikali unapewa bure. Nauza dawa, lakini nakutuma ukachukue bure. Sijui mwizi gani hufanya hivyo.

Tunalaumiwa pia kwa umbea, eti tunauliza sana. Kuna mama alikuja kutoka Kongwa, anameza vidonge vya majira bila kuruka hata siku moja, bado anapata matone kila mara. Amekwisha kubadilisha aina mara mbili kwenye maduka mengine. Swali moja tu, "Unatumia dawa gani nyingine?", likatoa jibu: alikuwa kwenye dozi ya TB. Ndani yake kuna rifampisini, na hiyo hulifanya ini livunje homoni haraka kabla hazijafanya kazi. Baadhi ya dawa za kifafa na za VVU hufanya vilevile. Nilimrudisha kliniki akabadilishiwe njia, sikumuuzia kitu.

Msimu wa harusi na mwezi wa Ramadhani huja wanaotaka kuzuia hedhi. Dawa ipo, norethisteroni, ila ni ya cheti cha daktari, na inaanzwa siku tatu hivi kabla ya tarehe. Bibi harusi anayefika Ijumaa jioni damu imeshaanza, sina cha kumsaidia. Na mwenye historia ya damu kuganda asiiguse.

Sasa chakula, maana hapa ndipo hela za watu zinapotea kabisa. Mtu anatoka damu nyingi kila mwezi, anaishiwa nguvu, ananunua vidonge vya kuongeza damu, miezi miwili baadaye anarudi: "Havifanyi kazi." Ukimchunguza, anavimeza asubuhi na chai ya rangi. Majani ya chai hushika madini chuma yakapita tumboni bila kufyonzwa; maziwa nayo yana shida hiyohiyo. Meza kwa maji, au kwa juisi ya ubuyu, ambao hapa Dodoma haujawahi kutupiga chenga, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kuingia. Chai isubiri saa moja au mbili. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni hivyo vidonge. Na juisi ya rosela ni tamu, nainywa mwenyewe, ila wekundu wake siyo damu. Maini, dagaa, maharage, mchicha: hivyo ndivyo vya kuweka pembeni ya ugali.

Lakini kama hedhi inapita siku saba, au pedi inajaa ndani ya saa moja, vidonge pekee ni kujaza ndoo iliyotoboka. Nenda hospitali.

Mwanachuo mmoja alitaka "dawa ya kurudisha hedhi", miezi mitatu haioni. Kipimo cha mimba hasi. Alikuwa anakula mara moja kwa siku apunguze mwili kabla ya mahafali. Mwili ukinyimwa chakula, unaahirisha uzazi kwanza. Nilimwandikia rufaa aonwe na daktari, akanuna.

Kuhusu bei: kwetu vidonge vinatoka na boksi lake, tarehe ya kuisha unaisoma mwenyewe, na joto la Novemba hapa halivikuti vimeanikwa dirishani. Viwili vilivyofungwa kwenye karatasi ya daftari vitakuwa rahisi, sibishi.

Ukija, beba pakiti za dawa zote unazotumia. "Kile cha njano kidogo" hakinisaidii. Na ujue tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Asubuhi kabla ya saa nne hakuna foleni, tunaongea bila watu kutega masikio.