Kadi imejaa chanjo, mbona mtoto kapata matubwitubwi?

Shule zikifunguliwa, swali hili halikosi hapa kliniki kwetu Kisasa, Dodoma. Mama anaingia na mtoto aliyevimba shavu mpaka ndewe ya sikio imenyanyuka, anaweka kadi mezani: "Dokta, huyu chanjo zote alimaliza." Na kweli kamaliza. Ila ukiisoma kadi, pale kwenye miezi 9 na miezi 18 pameandikwa surua-rubela, chanjo iliyoanza nchini mwaka 2014. Matubwitubwi hayamo kwenye ratiba ya taifa. Hakuna chanjo iliyoshindwa kazi. Mtoto hakuwahi kuipata.

Inayokinga matubwitubwi ni MMR, sindano moja yenye surua, matubwitubwi na rubela. Sisi tunaiagiza kwa wazazi wanaoihitaji, na bei unaambiwa kabla hatujaagiza.

Inakinga kiasi gani? Dozi moja hupunguza uwezekano wa kuugua kwa takriban 72%, mbili kwa takriban 86%. Yaani kati ya watoto 100 ambao wangeugua bila chanjo, dozi mbili huwaepusha kama 86. Wanaobaki wanaweza kuugua, ingawa kwa kawaida si kwa ukali uleule. Atakayekuambia ni asilimia mia, anakuuzia maneno. Tena kinga hii hupungua miaka inavyokwenda: Marekani, wanaochanja matubwitubwi tangu 1967, walipata mlipuko mkubwa mwaka 2006, na wengi walikuwa wanachuo waliokwisha pata dozi mbili. Wanalala pamoja, wanakula pamoja. Mwenye kijana kwenye mabweni ya vyuo vyetu hapa Dodoma anajua hali hiyo.

Je, kuna haraka? Kwa mtoto mdogo mwenye afya, mara nyingi ugonjwa huisha wenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Wasiwasi wetu uko zaidi kwa wavulana waliobalehe: bila chanjo, hadi 30% ya wanaougua huvimba korodani. Ugumba wenyewe, unaotishiwa sana mitaani, hutokea kwa nadra. Wachache hupoteza usikivu au hupata homa ya uti wa mgongo. Kama pesa ni ya kubana, usiache zile za bure eti unasubiri hii. Surua ni hatari kuliko matubwitubwi, na ya bure inaikinga.

Akishaugua, MMR haimtibu. Wala antibayotiki, maana hiki ni kirusi (na bado tunawaona watoto waliokwisha mezeshwa amoksilini siku tatu). Mpe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake, uji na maji mengi. Ubuyu na ukwaju viwekwe kando kwanza, uchachu unaamsha tezi za mate na maumivu yanazidi. Abaki nyumbani siku 5 tangu uvimbe uanze. Kichwa kikiuma sana, shingo ikikakamaa au korodani zikiuma, mlete siku hiyohiyo.

Anayetaka MMR apige simu siku moja kabla. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 na ikishachanganywa haidumu zaidi ya saa chache, kwa hiyo hatuifungui mpaka mtoto awe amefika. Aanzie miezi 12. Njoo na kadi: kama alichomwa surua-rubela karibuni, lazima zipite wiki 4. Mama mjamzito hachomwi.