Saruji juu ya matofali ya watawa

Ndugu Mhariri,

Wabenedikto, watawa Wakatoliki wa abasia (monasteri) ya Mtakatifu Andrea, karibu na Bruges nchini Ubelgiji, walifika Katanga mwaka 1910 wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, na kanisa kuu la Petro na Paulo hapa Lubumbashi bado linaonyesha walivyopenda tofali jekundu la kuchoma. Juzi nilimkuta fundi akipiga lipu ya saruji kwenye ukuta wa nyumba ya zamani ya watawa, ambayo sitaitaja jina. Ukuta wa namna hiyo hupumua; ukizibwa kwa saruji, unyevu wa majira ya mvua hubaki ndani, na tofali humomonyoka kama andazi lililoloweshwa chai. Wasimamizi watumie chokaa, na tofali lililo zima waliache wazi.

Msomaji wenu, Lubumbashi