Shukrani kwa fundi wa Jangwani

Kaka uliyevaa koti la mvua la njano pale Jangwani, Dar es Salaam, siku Mto Msimbazi ulipofurika: sikupata jina lako, basi nakushukuru hapa hadharani.

Lori lilipita kasi, likasukuma wimbi hadi juu ya boneti ya gari langu. Injini ikazima papo hapo. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye ufunguo, ndipo wewe ukapaza sauti, "Dada, usipige stata!" Ukanieleza kwamba maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, pistoni ikapanda kwa nguvu, chuma kinachoishika kinapinda, na hapo unatafuta injini nyingine.

Ulichomoa waya wa betri kwanza. Ukaita vijana, mkalisukuma gari hadi pakavu. Boksi la filta ya hewa lilipofunguka, filta ilikuwa imelowa chapachapa. Ukatoa plagi zote na koili zinazozipa umeme, ukarudisha betri, ukasema, "Haya, sasa piga." Maji yakaruka kupitia matundu ya plagi! Kisha ukachomoa kijiti cha oili kuona kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa, yaani imeingia maji. Haikugeuka. Hata hivyo ulinisisitiza nimwage oili na kununua filta mpya kabla ya safari yoyote ndefu.

Pesa ukakataa, ukapokea soda tu (soda baridi, na mvua ile!).

Wenzangu, mkiona gari limezimia majini, mkimbilieni dereva asiwashe. Nawe kaka, gari linatembea vizuri. Ukisoma haya, jitokeze. Bado unanidai malipo yako.