Daktari wa miguu si daktari aliyefeli

Kwa Mhariri,

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka mnatuwekea picha ileile, mtoto amebebwa juujuu, mama analia, baba ameshika simu anapigia watu wa nyumbani, na mtoto akiulizwa anataka kuwa nani anasema daktari wa upasuaji wa ubongo. Sina ubaya na hao watoto, nawaombea kabisa. Lakini tangu nianze kusoma gazeti nikiwa darasa la sita sijaona hata mmoja akisema anataka kuwa daktari wa miguu, na hii barua naiandika juu mimi ndio hiyo nataka, na nimechoka kuambiwa ati hiyo ni kazi ya mtu aliyekosa medisini.

Ukweli ni kwamba mimi pia nilitaka medisini. Nilipata B+, KUCCPS, wale wa kugawa nafasi za vyuo, ikanipeleka biokemia, nikalia wiki mbili alafu nikaenda kusoma biokemia yangu mpaka nikamaliza. Mwaka wa mwisho ndio nikaanza kutafuta njia nyingine, nikafika kwa ajenti mmoja wa masomo ya ng'ambo, ofisi iko huko mjini, akaniambia kuna kitu inaitwa podiatria, yaani udaktari wa miguu, inasomwa Marekani miaka 4, alama zao hazibani kama za medisini, ukimaliza unaitwa daktari, ni mlango wa nyuma tu na wengi hawaujui. Akataka elfu hamsini za kufungua faili. Nilitoka pale nimefurahi sana, na sikuwa nimemuuliza hata swali moja kuhusu miguu.

Babangu ni fundi wa viatu Kawangware, kibanda chake kiko karibu na stegi zaidi ya miaka 20 sasa. Hiyo jioni nilimpata ameshika kiatu cha mzee mmoja, kastoma wake wa siku nyingi, ambaye alikuwa amekuja tu kushonewa pembeni pale ngozi imeachana na soli. Baba alipoingiza mkono ndani akagusa msumari. Ulikuwa umepenya soli yote ukatokea ndani, na hapo kwa kitambaa cha ndani kulikuwa na damu imekauka ikawa nyeusi. Akamuuliza mzee, huu msumari umetembea nao tangu lini? Mzee akashangaa. Hakuwa ameuona na hakuwa ameusikia, na alikuwa ametembea na hicho kiatu kutoka Kangemi. Baba akamwambia avue soksi, na mimi nilikuwa nimesimama hapo na digrii yangu ya biokemia nikaona shimo kwa wayo wa mtu, na huyo mtu anatuangalia sisi usoni kujua kama ni mbaya, manake yeye mwenyewe hasikii kitu.

Mzee ana ugonjwa wa sukari. Hiyo nilikuwa nimeisoma darasani, kwamba sukari ikikaa juu miaka na miaka inaharibu neva za miguu, ganzi inaanza kwa vidole inapanda, na wakati huohuo mishipa ya damu inaziba kwa hivyo hata kidonda kidogo kinakosa damu ya kukiponya. Nilikuwa najua kuichora. Sikuwa najua inafanana vipi kwa mtu mzima anayelipa kodi ya nyumba. Na kitu watu hawaambiwi ni kwamba zaidi ya 8 kati ya 10 ya wagonjwa wa sukari wanaokatwa mguu walianza na kidonda tu, kidonda cha kawaida, cha kiatu kinachobana, cha msumari, cha mtu kujikata kucha vibaya, cha kuweka miguu kwa karai la maji ya moto bila kujua ni ya moto. Ile watu huita kidonda ndugu wanafikiria ni kurogwa.

Kesho yake nikampeleka kliniki ya sukari kwa hospitali ya umma. Huko kuna sista mmoja ambaye ndiye huangalia miguu, peke yake, kwa chumba kidogo mwisho wa korido. Alimwambia mzee afunge macho, akatoa kauzi ka nailoni kamekaa kama ka mshipi wa kuvua samaki, kanaitwa monofilamenti, ambako kametengenezwa kakunjike ukikasukuma kwa nguvu ya gramu 10. Anakagusisha sehemu kumi za mguu na mgonjwa anasema umenigusa. Mzee alisema mara mbili. Sista akachukua wembe wa hospitali akaanza kutoa sugu yote iliyozunguka kidonda, polepole, huku anamuuliza mzee habari za mke wake, alafu akamueleza kwamba dawa kubwa ya hicho kidonda ni kuondoa uzito hapo, asikikanyagie, manake kila hatua inakifungua upya. Nilirudi kwa huyo sista kila Jumanne na Alhamisi kwa miezi minne, kujitolea, kubeba karai, kuandika majina. Hakuna siku alimaliza foleni.

Hiyo ndiyo podiatria, Mhariri. Mguu mmoja una mifupa 26, yote miwili ni 52, hiyo ni robo ya mifupa yote 206 ya mtu mzima, na kila siku tunaikanyagia. Ni kazi ya kucha, ngozi, neva, mishipa, mifupa, viatu na mwendo wa mtu, vyote kwa pamoja. Yule ajenti hakuniambia hata neno moja la haya.

Sasa kwa wale wanafikiria ku-aplai, wacha niseme nilichopata baada ya kuacha ajenti na kuanza kusoma mwenyewe usiku na bando za simu. Marekani shahada inaitwa DPM, ni kweli ni miaka 4, lakini unaenda ukiwa umeshasoma chuo kikuu na masomo ya biolojia, kemia, kemia ogania na fizikia pamoja na maabara zake, mtihani wa MCAT uleule wa watu wa medisini ndio wengi hufanya, na ni kweli wastani wa alama za wanaoingia uko chini ya wa medisini. Lakini ukimaliza hiyo miaka 4 kuna residensi, mafunzo ya kazini, ya miaka 3 hospitalini, na mitihani ya leseni njiani. Hiyo ni miaka 7 juu ya digrii ya kwanza, ambapo mtu wa MBChB, digrii ya udaktari, hapa anasoma 6 na intanshipu mwaka mmoja kutoka fomu foo. Nani alisema ni njia ya mkato? Na karo iko zaidi ya dola 40,000 kwa mwaka kwa vyuo vingi, kwa bei ya dola ya sai hizo ni zaidi ya shilingi milioni 5 kila mwaka kabla hujalala wala kula, na mikopo ya serikali yao si ya wanafunzi wa nje. Mjomba wangu alitaka tufanye harambee. Nilimwambia hapana, na akakasirika miezi mitatu.

Kuna kitu kingine kinauma zaidi. Vyuo vingi vya huko vinataka barua kutoka kwa podiatristi ambaye umemfuata kazini ukaona anavyofanya. Kwa Nairobi hiyo barua unaitafuta wapi wewe mtoto wa Kawangware? Mimi nina ya sista, na naiheshimu kuliko karatasi yoyote niliyo nayo, lakini kwa fomu yao kuna mahali pa kujaza cheo na cheo wanachotaka si chake. Alafu kwa intavyuu swali la kwanza ni kwa nini miguu. Mtu ambaye amechukua barua yake ya medisini akabadilisha neno moja hapo wanamjua mara moja, na ni haki wamjue, juu hicho kiti kuna mtu angekikalia kwa moyo wote.

Uingereza ni digrii ya kwanza ya miaka 3, Scotland miaka 4, na jina podiatristi limelindwa na sheria, huwezi kujiita hivyo bila kusajiliwa na HCPC, baraza lao la kazi za afya. Karibu na sisi, Chuo Kikuu cha Johannesburg kinafundisha digrii ya podiatria ya miaka 4, na huko ndiko nimetuma fomu. Ni Afrika, wagonjwa wanafanana na wetu, na wanaovaa viatu vya mitumba wako pia.

Naomba kila mzazi anayesoma hapa, kabla hujauza shamba, mwandikie Baraza la Madaktari, KMPDC, uulize kwa maandishi, mtoto wangu akirudi na hii digrii mtamsajili kama nani? Atakubaliwa kupasua, ama kuandika dawa, ama kukata kucha tu? Pata jibu likiwa na muhuri. DPM ya Marekani inampa mtu ruhusa ya kupasua mguu huko Marekani, haimaanishi ukishuka JKIA unaendelea nayo. Ajenti hawezi kukuambia hivyo manake yeye hulipwa ukiondoka, ukirudi si shida yake.

Na kuna wale watasema si afadhali ungengoja medisini. Mwaka wa 2024 madaktari wetu waligoma siku 56, na sehemu kubwa ya huo mgomo ilikuwa juu ya maintani, madaktari wa mwaka wa mazoezi, waliomaliza chuo wakakaa nyumbani bila kupelekwa vituoni, na serikali ikitaka kuwalipa elfu 70 badala ya zile 206,000 za mkataba wa 2017. Hao walipata A. Sisemi medisini ni mbaya, nasema mtoto aliyepata A na aliyepata B+ wote wanastahili kuambiwa ukweli wa kazi wanayoingia, si jina lake tu.

Kitu ninachotaka serikali isikie ni hiki. Nilipopitia orodha ya kozi za KUCCPS sikuona podiatria, nikaangalia mara tatu. Tuko na KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, tangu 1927, wanafundisha klinikal ofisa, wanafundisha mafundi wa viungo bandia, yaani tuko na watu wa kukutengenezea mguu wa plastiki baada ya wako kukatwa, na hiyo ni kazi ya maana sana, lakini wa kuzuia usikatwe tumemwachia sista mmoja mwisho wa korido. Majirani wetu Tanzania walishaonyesha inawezekana. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walianza mradi wa Step by Step mwaka 2004, wakichukua daktari na nesi wake pamoja kutoka kliniki moja, wanawafunza kuangalia na kutibu mguu wa mgonjwa wa sukari, wanawapa vifaa, wanarudi kwao na kufundisha wengine. Hawakungoja mpaka jengo la chuo lisimame. Sisi tunangoja nini, na tuko na kaunti 47?

Na mafundi wa viatu wahusishwe. Hili nalisema kwa kumaanisha kabisa. Daktari Paul Brand, yule aliyewatibu watu wa ukoma kule Vellore, India, aliona kwamba miguu ya wagonjwa wake haikuozeshwa na ukoma wenyewe tu, ilikuwa inaumia kwa sababu haina uchungu, na sehemu kubwa ya kazi yake ikawa viatu, soli za raba laini, nani anakanyaga vipi na wapi. Babangu hajawahi kumsikia. Lakini ukimpa kiatu kilichoisha atakuambia huyu mtu anaegemea nje, huyu kisigino kinamuuma, huyu kidole gumba kimepinda kinasukuma ngozi. Siku moja ya mafunzo ingetosha kumfundisha swali la kumuuliza kastoma, uko na sukari? Tangu ule msumari anauliza, na hawezi kurudisha kiatu bila kuingiza mkono ndani kwanza, na ameshatuma watu wanne kwa sista.

Mzee wa Kangemi kidonda kilifunga baada ya wiki kumi na tisa. Alipoteza kidole kimoja, kidogo cha pembeni, mguu ukabaki. Bado anauza mboga.

Mhariri, Januari ijayo mkienda kupiga picha za walioongoza, tumeni mwandishi mmoja akae Alhamisi moja kwa korido ya kliniki yoyote ya sukari hapa Nairobi, kuanzia saa moja asubuhi, ahesabu waliokuja na mguu umefungwa leso. Muulizeni sista anahitaji wasaidizi wangapi, mwandike hiyo namba.

Binti wa fundi wa viatu,
Kawangware, Nairobi