Yale maboksi nyuma ya mlango

Mwanangu,

Juzi nilipolala kwako niliyaona maboksi ya vitu ulivyoagiza kwa simu, nyuma ya mlango. Manne, mawili hujayafungua hata gundi. Sikuuliza. Ulikuwa umerudi saa sita usiku, simu ya bosi bado iko sikioni, na mtu wa hali hiyo hasumbuliwi kwa habari za maboksi.

Sikugombezi. Nilipokuwa muuguzi wa zamu za usiku, ugonjwa wangu ulikuwa viatu. Wiki tukipoteza wagonjwa, nanunua jozi. Siku moja nikafungua kabati nikakuta jozi tatu za rangi moja, moja ikiwa na karatasi ndani. Utamu wote ulikuwa kwenye kuchagua. Nikifika nyumbani miguu inauma vilevile. Wataalamu wa ubongo wanasema dopamini, ile kemikali ya ubongoni inayotutia hamu, huchangamka tunapoitarajia zawadi, pengine kuliko tunapoishika. Miye niliyajua hayo kwa kabati.

Wala sisemi ujinyime. Ukimlipa mtu akufulie ili Jumapili ulale, huko ni kujitunza, hata kama ni ghali. Mshauri nasaha ndiyo kabisa, usimhesabie senti. Tazama kesho yake: umeamka na mgongo uliopungua maumivu, au umeamka na deni tu? Tazama pia ulinunua saa ngapi. Saa nane usiku, kadi imeshahifadhiwa kwenye simu, kidole kimoja kinatosha. Acha kitu kwenye kikapu cha simuni, usilipe, mpaka utakapokuwa umelala na kula. Vingi utavisahau.

Kilichoniumiza mimi ni hiki, na sijawahi kukwambia. Nilitaka kuacha zamu za usiku mwaka mzima kabla sijaziacha. Sikuweza, madeni yalinishika. Nikawa naomba zamu za ziada ili nilipie vitu nilivyonunua kwa sababu ya uchovu wa zamu za ziada. Na saa hizo si mchezo: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walieleza kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko yule wa saa 35 hadi 40. Wewe wiki iliyopita ulifanya ngapi?

Yale mawili yaliyofungwa, kama muda wa kurudisha haujapita, yarudishe. Jumamosi nakuja. Simu utanipa mimi, wewe ulale.

Mama yako